BENDI MOJA, MAJINA MAWILI: MUZIKI NA LUGHA YA WAKEJUNI WA LOUISIANA

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza uhusiano wa muziki na lugha miongoni mwa Wakejuni, jamii yenye asili ya Kifaransa iliyoko kusini mwa jimbo la Louisiana, Marekani. Mfano unaotumika ni bendi ya Hackberry Ramblers, iliyoanzishwa mwaka 1933. Hoja kuu ni kwamba ukumbi wa dansi unaweza kuipa lugha heshima, lakini hauwezi kushika nafasi ya mzazi anayemsemesha mwanawe.

2.0 Chimbuko la Muziki

Wahenga wa Wakejuni walikuwa walowezi wa Kifaransa katika Acadia, eneo ambalo leo liko mashariki mwa Kanada. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza, na baadhi yao hatimaye wakafika Louisiana. Huko ngoma zilichezwa majumbani, fidla ikiwa ala kuu. Baadaye iliingia kodiani ndogo. Hii si ile yenye funguo za piano iliyozoeleka katika taarabu ya Unguja. Ina vitufe kumi vya kuongozea wimbo, na kila kitufe hutoa sauti mbili: moja mvukuto unapobanwa, nyingine unapovutwa. Mapigo husisitizwa na pembetatu ya chuma, ambayo zamani ilifuliwa kutokana na meno ya reki za kukusanyia nyasi. Dansi kuu ni walsi, yenye mapigo matatu, na ile ya hatua mbili.

Muziki huu haukujengwa na Wakejuni peke yao. Amédé Ardoin, Mkrioli mweusi aliyepiga kodiani, alirekodi pamoja na mpiga fidla Dennis McGee mwaka 1929, na mtindo wake ungali unaigwa.

3.0 Bendi na Mazingira Yake

Hackberry Ramblers ilizaliwa wakati Kifaransa kilipokuwa kikibanwa. Katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia, na watoto waliozungumza Kifaransa shuleni waliadhibiwa. Aidha, visima vya mafuta vilileta ajira pamoja na wasemaji wa Kiingereza.

Waasisi wake, Luderin Darbone na Edwin Duhon, hawakuukimbia ugeni huo. Kumbi nyingi za mashambani hazikuwa na umeme; Darbone aliliacha gari lake la Ford likinguruma nje ili injini yake iendeshe kipaza sauti. Nyimbo za asili zilichanganywa na bluzi na muziki wa Texas.

Mgawanyo wa lugha ulijitokeza waziwazi katika sahani za santuri. Kwa nyimbo za Kifaransa, mathalani "Jolie Blonde", bendi ilitumia jina lake. Kwa nyimbo za Kiingereza, kuanzia mwaka 1936, ilijiita Riverside Ramblers, jina lililotokana na chapa ya matairi. Wanamuziki walikuwa walewale; lugha ilipobadilika, jina nalo lilibadilika.

4.0 Heshima Iliyorejea

Mwaka 1964 Dewey Balfa na wenzake walishangiliwa katika tamasha la Newport. Mwaka 1968 serikali ya Louisiana iliunda CODOFIL, chombo cha kukuza Kifaransa. Albamu ya Hackberry Ramblers ya mwaka 1997, *Deep Water*, iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy.

Hata hivyo, wengi wa walioadhibiwa shuleni walikuwa wamekwisha kuwalea watoto wao kwa Kiingereza, ili wasipatwe na aibu ileile. Ndiyo maana wapo waimbaji wanaoyatamka maneno ya Kifaransa kwa ufasaha jukwaani, ilhali hawawezi kuzungumza kwa lugha hiyo.

5.0 Hitimisho

Ni dhahiri kwamba muziki wa Wakejuni ulidumu kwa sababu ulipokea vipya bila kuacha msingi wake. Lugha haikupewa nafasi kama hiyo, kwani ilizuiwa shuleni kisha ikanyamaza nyumbani. Wimbo umehifadhi maneno. Kuyarudisha katika mazungumzo ya kila siku ni kazi ya nyumba na shule.