GEUZA BESENI KABLA HUJALIPA (somo lililonigharimu 55,000)

Leo naongea na sisi tunaouza vyombo vya plastiki.

Mwaka jana nilipata mzigo wa mabeseni kwa bei chee. Nilizoea kununua jumla kwa 4,000, huyu akaniachia kwa 3,500. Nikabeba dazeni 3, nikajiona mjanja, nimeokoa 18,000. Wiki haijaisha, mama mmoja jirani anayeuza dagaa akaja na beseni limepasuka kitako. "Mwanangu, limenimwagia dagaa wote barabarani." Nikamrudishia 5,000 yake. Wakafuata wengine, mpaka yakarudi mabeseni 11. Yaani 55,000 imetoka ili niokoe 18,000! Na yule mama alikaa miezi miwili ananunua kwingine. Hiyo ndo iliniuma zaidi.

Nikaanza kuulizia na kuangalia video za viwandani. Kumbe kila chombo kina alama ya jinsi kilivyozaliwa. Ukizijua, unakagua mzigo kwa macho.

1. BESENI, NDOO, JAGI, KITI
Chenga za plastiki zinayeyushwa kwenye mtungi wa moto. Ndani yake kuna skrubu kubwa inayozunguka na kusukuma, kama ile ya mashine ya kusaga nyama. Uji ule unasindiliwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, unapozwa, kalibu inafunguka, beseni linatoka. Pale plastiki ilipoingilia panabaki kidoti, mara nyingi katikati ya kitako. Geuza, bonyeza hapo kwa kidole gumba. Ukiona vinyufa au weupe unasambaa, achana nalo. Yangu yalipasukia hapohapo.

Chombo chenye matundu, plastiki inagawanyika kupita pembeni halafu inakutana tena. Panapokutana panaweza kubaki mstari mwembamba, na hapo ndo pana udhaifu. Kwenye viti na matenga, utafute huo mstari.

2. DUMU NA CHUPA
Hizi zinapulizwa. Kwa dumu, linatoka bomba laini la plastiki ya moto, kalibu inalibana, upepo unaingia, linatanuka kama puto mpaka linagusa kuta. Ndo maana dumu lina mshono ubavuni na chini. Kwa kuwa plastiki inavutika, kwenye kona inakuwa nyembamba. Lielekeze juani uangalie kona. Halafu jaza maji, liweke juu ya boksi kavu nusu saa. Boksi likilowa, mshono wa chini unavuja.

3. BOMBA NA MPIRA WA MAJI
Hapa plastiki inasukumwa kupitia tundu bila kukatika, kama mashine ya tambi. Angalia mdomo wa bomba: unene uwe sawa kuzunguka pote. Upande mmoja ukiwa mwembamba, ndo utakaopasuka kwanza.

4. TANKI LA MAJI
Unga wa plastiki unawekwa kwenye kalibu, inazungushwa ndani ya joto mpaka unga unayeyuka na kuganda kwenye kuta. Chungulia ndani na tochi uone kama pamelingana.

MAMBO MAWILI YA MWISHO
Ile namba ndani ya pembetatu inataja aina ya plastiki, haisemi kama chombo ni imara. Chupa za maji nyingi ni 1, madumu mengi ni 2, mabeseni na ndoo nyingi ni 5 au 2.

Pili, nenda na mzani. Mabeseni mawili ya saizi moja na plastiki ya aina moja, lililo zito ndo lina plastiki nyingi. Bei ikishuka, mara nyingi kilichopunguzwa ni unene.

Siku hizi nachukua moja kwanza, nalijaza maji, nalibeba kwa mshikio mmoja kuzunguka duka. Wenye duka la jumla wananicheka. Wacheke tu, yule mama wa dagaa amesharudi.

Mwenye mbinu nyingine atupe, tujifunze wote.