Adui Mwenye Uso Kama Wetu: Galactica ya Zamani na Galactica Mpya

Hapa Lubumbashi kijana mmoja wa kwaya alituuliza swali ambalo hatukulitazamia. Kuna tamthilia mbili za televisheni za safari za anga, zote zinaitwa Battlestar Galactica. Ipi ni nzuri, na kwa nini waliitengeneza mara ya pili? Tuliziangalia zote mbili, kidogo kidogo, kwa Kifaransa. Tunajibu hapa kwa sababu tofauti yao inagusa jambo ambalo Katanga yetu inalijua.

Kisa ni kile kile. Wanadamu wanaoishi katika makoloni kumi na mawili, mbali sana angani, wanashambuliwa na Wacylon, jeshi la mashine. Karibu wote wanakufa. Waliobaki wanapanda meli za anga zilizopatikana, wanafuata meli moja ya vita inayoitwa Galactica, na wanaanza kutafuta Dunia, ambako inasemekana kabila la kumi na tatu lilihamia zamani. Aliyesoma kitabu cha Kutoka atatambua njia hiyo.

Ya kwanza ilitungwa na Glen A. Larson na kuanza Marekani tarehe 17 Septemba 1978. Usiku huo huo matangazo yalikatizwa ili watu waone Begin na Sadat wakitia sahihi mapatano ya Camp David. Larson alikuwa Mmormoni, na aliingiza mambo ya kanisa lake: Kobol, sayari ya asili ya wanadamu, ni jina lililogeuzwa kidogo la Kolob, nyota ya karibu na Mungu katika maandiko yao. Mafundisho hayo si yetu, lakini ni vizuri kujua yalikotoka. Tamthilia ilidumu msimu mmoja tu, vipindi 24.

Katika ile ya zamani, adui ni chuma kitupu. Ana taa nyekundu inayokwenda huku na huku mahali pa macho. Alitengenezwa na viumbe wa namna ya mijusi waliokwisha kufa. Hana mama, hana kaburi. Mtoto anaweza kuangalia mia moja wakilipuliwa, kisha akala ugali wake bila shida. Hata msaliti, Baltar, ni mwovu wa wazi: anawauza watu wake ili apate utawala.

Mwaka ule ule wa 1978, mwezi wa Mei, vita iliingia Kolwezi. Waasi wa FNLC waliotoka Angola hawakuwa viumbe wa mbali. Wengi wao walikuwa watoto wa Katanga hii hii. Waliokimbia wakati ule hawakuona taa nyekundu iliyowaonyesha nani ni adui.

Galactica mpya iliandaliwa na Ronald D. Moore pamoja na David Eick. Ilianza Desemba 2003 na kumalizika Machi 2009. Hapa Wacylon walitengenezwa na wanadamu wenyewe, wakiwa watumishi, wakaasi. Na baadhi yao sasa wana mwili kama wetu: wanatoka damu, wanapenda, wanalia. Baltar mpya hauzi watu wake kwa kukusudia. Ni mtu wa majivuno na tamaa, anamfungulia mwanamke siri za ulinzi bila kujua mwanamke huyo ni nani. Rais, Laura Roslin, alikuwa waziri wa elimu, na ameshika uongozi kwa sababu wote waliomtangulia wamekufa. Ofisini mwake kuna ubao mweupe wenye hesabu ya watu walio hai. Kipindi cha kwanza kinaanza na 50,298. Kinapomalizika ni 47,973, na huyo wa mwisho ni mtoto aliyezaliwa siku hiyo.

Jambo moja litawakwaza waamini. Wanadamu wa tamthilia mpya wanaabudu miungu mingi, na Wacylon, waliowaua mabilioni, ndio wanaohubiri Mungu mmoja. Tusikasirike haraka. Sisi wa mashariki tuliwaona LRA, waliodai kumtumikia Mungu, wakiwaua watu wa Haut-Uélé katika siku za Krismasi za mwaka 2008.

Lakini kwetu sisi jambo zito zaidi ni neno dogo. Askari wa Galactica hawasemi «Mcylon». Wanasema «kibaniko», yaani mashine ya kuchoma mkate. Katika kipindi kimoja, Starbuck, rubani mwanamke (zamani alikuwa mwanamume), anamhoji mfungwa wa Kicylon na anaamuru kichwa chake kizamishwe ndani ya ndoo ya maji. Ni mashine tu, anasema moyoni. Mfungwa anauawa. Usiku, akiwa peke yake, Starbuck anaiombea roho ya yule mfungwa.

Mwaka 1992 na 1993, katika Shaba, jirani zetu wenye asili ya Kasai waliitwa bilulu, wadudu. Wazazi na babu zao walikuja kufanya kazi ya Union Minière na ya reli; wengi wao walizaliwa hapa na hawakuwahi kuiona Kasai. Walifukuzwa nyumbani na kazini. Likasi, maelfu walilala karibu na kituo cha gari la moshi wakingojea behewa, na wengine walikufa hapo hapo. Waliowafukuza walikuwa majirani, na wengine walikuwa wakikaa nao kwenye benchi moja ya kanisa. Kwanza lilikuja neno, halafu mawe.

Kwa hiyo tukiulizwa ipi ni nzuri, tunachagua mpya, ingawa ya zamani inachekesha zaidi na ina heshima. Hatukuwa peke yetu kuona uzito wake. Tarehe 17 Machi 2009, Umoja wa Mataifa uliwaalika watengenezaji na waigizaji New York kujadili haki za binadamu, watoto katika vita, na mapatano kati ya imani mbalimbali.

Wazazi, angalisho moja. Tamthilia mpya ina damu nyingi na matendo ya kitandani. Si ya watoto. Ya zamani mnaweza kuiangalia pamoja na nyumba nzima. Yule kijana wa kwaya ana miaka kumi na tisa. Tumemwambia aanze na kile kipindi cha ubao mweupe, kisha arudi tuzungumze.