Chini ya Makoro Kuna Nini?



Juzi tulikuwa tunafundisha jiografia, somo la volkano. Tukaonyesha darasa picha moja ya zamani: watalii wamesimama juu ya mawe meusi ya Goma, wanacheka. Mtoto mmoja aliyezaliwa hapa hapa kambini akauliza, "Mwalimu, chini ya hayo mawe kuna nini?"

Tulikosa jibu. Sisi walimu vijana, mwaka 2002 wengine tulikuwa tunabebwa mgongoni, wengine hatujazaliwa. Basi tukazunguka bloki kwa bloki kuuliza wale waliotoka Goma na Kibati: hayo makoro, yaani mawe ya volkano, ni vizuri wageni waje kuyatazama?

Kwanza tukumbushane. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni. Uji wa moto ukashuka mpaka katikati ya mji. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaunguza kanisa kuu la Wakatoliki, ukaingia Ziwa Kivu. Watu kama 400,000 walikimbia, wengi wakavuka kwenda Gisenyi, Rwanda. Baada ya siku chache wengi wakarudi, makoro yakiwa bado na joto, wakajenga nyumba za mbao juu yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukalipuka tena, na lava ikasimama pembeni mwa mji.

Katikati ya miaka hiyo wageni walikuja. Walitaka hasa kuona ziwa la moto kule kileleni, mita 3,470. Walianzia Kibati pamoja na walinzi wa Hifadhi ya Virunga na wabeba mizigo. Kibali kilifika dola 300 kwa mtu. Wengine walitembezwa mjini kuona makoro na kuta za kanisa lililoungua.

Baba mmoja alikuwa mbeba mizigo Kibati. Yeye anasema utalii ni mzuri, tena sana. Kwa mizigo ya bazungu alilipia watoto wawili masomo. Safari zikifungwa kwa sababu ya vita, nyumbani wanapunguza chakula. Anauliza: mlima umetuchomea nyumba, kwa nini usitulipe kidogo?

Mama mmoja wa bloki ya pili hakukubali. Parseli yake iko chini ya makoro tangu 2002, na cherehani ya marehemu mama yake iko humo. Siku moja alikuta wageni wamesimama juu ya mahali pale pale, wanapiga picha. Hakuna aliyemsalimu. Anasema hakuwakasirikia wao, maana hawakujua. Alimkasirikia yule aliyewaleta, mtu wa mji, aliyejua na akanyamaza.

Mzee mmoja alituambia kwamba zamani watu waliamini mle mlimani wanakaa roho za waliokufa. Yeye ni Mkristo, lakini mpaka leo haoni vizuri watu kupanda kule na kelele kama wanaenda kucheza mpira.

Vijana nao walicheka. Wanasema makoro yanatulisha hata bila mtalii: kuta zinajengwa nayo, akina mama wanayapondaponda na kuuza kokoto. Lakini pia ni mateso, kwani kuchimba choo katika jiwe lile ni kazi ya wiki nyingi. Halafu kuna mazuku, hewa mbaya isiyoonekana, inayolala mahali pa chini na kuua mbuzi, hata mtoto. Mgeni haijui. Mwenyeji ndiye anajua usipite wapi asubuhi.

Hapo ndipo sisi tukaona jambo moja. Hata yule mama hakusema wageni wasije. Alisema wabishe hodi. Mwenyeji ndiye anajua mazuku iko wapi, na ndiye anajua parseli ya nani iko wapi. Basi siku wageni watakaporudi, anayewaongoza awe mtu wa avenyu ile, alipwe yeye, na kabla ya picha aseme: hapa ilikuwa nyumba ya familia fulani. Yule baba tulimpelekea wazo hili. Akasema hata yeye aliyebeba mizigo miaka yote hakuwahi kuulizwa na mgeni nyumba yake ilikuwa wapi.

Tunajua wengine watasema tunaota. Vita vilirudi mwisho wa 2021, vikaingia Goma Januari 2025, na wengi wetu tunafikiria posho ya mwezi kabla ya watalii. Ni kweli. Lakini wazee wanaojua avenyu zile wanazeeka hapa, na watoto wetu wanaijua Goma kwa picha za wageni tu.

Kwa hiyo tunawapa familia kazi ya nyumbani. Jioni moja, mzazi akae na watoto, wachore avenyu yao ya zamani: nyumba yetu, jirani wa kulia, wa kushoto, mti wa avoka, mahali pa kuteka maji. Leteni michoro darasani Jumamosi, tutaibandika ukutani. Yule mama wa bloki ya pili ameshaleta wake. Cherehani ameiweka karibu na dirisha, na yule mtoto aliyeuliza swali ndiye aliyeipaka rangi.

Tukutane mwezi ujao.