Amachabongo

Amachabongo (jina la kisayansi: Chromolaena odorata) ni mmea vamizi wa familia Asteraceae, yaani jamaa ya alizeti, unaopatikana katika wilaya za Tarime na Serengeti, Mkoa wa Mara, kaskazini mwa Tanzania. Asili yake ni bara la Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani hadi kaskazini mwa Argentina. Katika wilaya hizo umeingia mashambani, kwenye malisho na kando ya barabara. Wilaya zote mbili zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Sifa

Ni kichaka chenye matawi mengi, kirefu cha mita 2 hadi 3 mahali pa wazi. Kikiegemea miti hupanda juu zaidi. Majani yana umbo la pembetatu na mishipa mitatu inayoonekana wazi, mfano wa uma wa meno matatu. Hiyo ndiyo alama rahisi ya kuutambua. Yakisuguliwa hutoa harufu kali. Maua ni madogo, meupe au ya zambarau hafifu.

Mmea mmoja uliokomaa huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu kwa mwaka. Mbegu hizo ni nyepesi, zina vinyweleo, hupeperushwa na upepo na kunasa kwenye nguo, ngozi za mifugo na magari.

Uenezi

Katika karne ya 19 mmea huu ulitoroka kutoka bustani ya mimea ya Calcutta, Uhindi. Ulifika Nigeria katika miaka ya 1930, yadhaniwa ukiwa umechanganyika na mbegu za miti ya mbao kutoka Sri Lanka. Nchini Ghana watu waliuita Acheampong, kwa jina la mtawala wa nchi hiyo kati ya 1972 na 1978, jambo linaloonyesha jinsi ulivyoenea haraka wakati huo.

Athari

Chini ya kichaka kizito nyasi hukosa mwanga na kufa. Kwa mfugaji huo ni upungufu wa malisho, na majani machanga yana naitreti nyingi inayoweza kumdhuru ng'ombe. Mkulima naye hulazimika kupalilia mara nyingi zaidi. Ndani ya hifadhi hatari ni ileile: nyumbu na pundamilia huishi kwa nyasi, si kwa vichaka. Mmea ukikauka huwaka kwa moto mkali unaoweza kuingia hadi kwenye misitu ya kando ya mito, ambayo kwa kawaida haiungui.

Athari nyingine ni ya ajabu kidogo. Huko St Lucia, Afrika Kusini, watafiti waliona kwamba kivuli cha mmea huu kilipoza mchanga ambamo mamba wa Nile hutaga mayai. Jinsia ya mamba hutegemea joto la kiota, hivyo baridi hiyo huweza kuongeza majike kupita kiasi. Mto Mara, unaopita katika wilaya hizi, una mamba wengi wa spishi hiyo.

Udhibiti

Kung'oa miche na mizizi yake kabla ya maua ndiyo njia nafuu kwa kaya. Kukata peke yake hakutoshi, kwa sababu shina huchipua tena. Visiki hupakwa dawa ya kuua magugu. Eneo lililosafishwa hurudiwa kwa miaka kadhaa, maana mbegu hubaki udongoni.

Njia ya kibiolojia hutumia wadudu wa kwao. Inzi Cecidochares connexa kutoka Kolombia hutaga kwenye ncha za matawi. Mabuu yake husababisha uvimbe unaonyonya nguvu ya mmea. Aliachiliwa Indonesia mwaka 1995 na Papua Guinea Mpya mwaka 2001, na sehemu nyingi vichaka vilipungua sana.

Kisiwa cha Guam katika Pasifiki kinatoa ulinganisho mzuri. Nondo aliyeachiliwa huko mwaka 1985 alipunguza vichaka vya mmea huuhuu. Lakini nyoka vamizi Boiga irregularis, aliyefika na shehena wakati wa Vita Kuu ya Pili au muda mfupi baadaye, alimaliza karibu ndege wote wa asili wa msituni. Hadi leo hutegwa kwa mitego, hutafutwa na mbwa bandarini, na hurushiwa kwa ndege panya waliokufa wenye parasetamoli, dawa inayomuua. Bado hajaisha.