Joho la Kigiriki katika mjadala wa Kampala

Mwaka 1969, John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyekuwa akifundisha masomo ya dini Chuo Kikuu cha Makerere, alichapisha kitabu chake African Religions and Philosophy. Mwaka uliofuata Okot p'Bitek, Mwacholi wa Gulu aliyewahi kuongoza Jumba la Taifa la Maonyesho hapa Kampala, akamjibu kwa African Religions in Western Scholarship. Shtaka lake lilikuwa zito: Mbiti na wenzake wameivisha miungu ya Afrika majoho ya Kigiriki.

Mbiti alikijua Kigiriki. Alisomea Agano Jipya Cambridge hadi shahada ya uzamivu, na uzeeni akalitafsiri kwa Kikamba kutoka Kigiriki chenyewe. Alikusanya habari za jamii nyingi za Afrika, akaona kwamba zote zinamjua Mungu mmoja wa milele, ajuaye yote, aliyeko kila mahali. Okot, aliyesomea anthropolojia Oxford, alishikilia kwamba wanakijiji wenyewe wasingemtambua Mungu wa namna hiyo.

Sifa hizo zina historia. Katika karne ya 6 KK, mwanafalsafa Mgiriki Xenophanes aliwakosoa watu waliowapa miungu maumbile ya kibinadamu. Karne mbili baadaye, Plato na Aristotle walifundisha juu ya uungu mkamilifu usiobadilika. Wanatheolojia wa Alexandria, Clement na Origen, wakaitumia lugha hiyo kueleza imani ya Kikristo, na kupitia makanisa na shule za misheni ikatufikia Afrika Mashariki.

Lakini hilo lilikuwa joho la wanafalsafa. Mgiriki wa kawaida hakuwa na msahafu wala kanuni ya imani ya kukariri. Dini yake ilikuwa tambiko. Kila mji ulikuwa na mungu wake mlinzi: Athena huko Athene, Hera huko Argos. Katika sikukuu ya Panathenaia watu waliandamana hadi Akropoli, ng'ombe wakachinjwa kwenye madhabahu iliyokuwa nje, peupe, na nyama ikagawiwa wananchi. Uchaji ulipimwa kwa kutimiza desturi ya mji na ya ukoo.

Sasa soma Religion of the Central Luo, alichochapisha Okot mwaka 1971. Kila utawala wa rwot, yaani chifu wa Kiacholi, ulikuwa na jok wake, yaani roho au mungu wake, na mahali pake pa ibada, ambapo watu walikusanyika kwa karamu na kafara. Nyumbani kulikuwa na abila, kibanda cha mizimu ya ukoo. Mkulima wa Athene angeielewa dini hii upesi kuliko angemwelewa Aristotle.

Mbiti anastahili heshima. Aliandika baada ya miongo mingi ya wageni kuziita dini zetu ushenzi, naye akazirudishia hadhi. Hata hivyo, naamini Okot aliona mbali zaidi: dini haihitaji kufanana na ya mwingine ndipo iheshimiwe. Wagiriki wenyewe ni ushahidi, kwani anayewajua kupitia wanafalsafa wao peke yao hajaijua dini yao. Kwa hiyo anayechunguza imani za Uganda leo aanze na waliotambika: ni kina nani, wapi, kwa shida gani, na walimwita nani. Sifa za Mungu zije baadaye, na zitoke vinywani mwao.