Léon Mokuna, Mchezaji Aliyetoboa Nyavu

Jumapili, Misa ikiisha, watoto wa Kisangani huukimbilia uwanja wo wote ulio wazi, na mara nyingi mpira wao ni matambara yaliyokazwa kwa kamba. Juzi mwanafunzi mmoja aliniuliza: "Mwalimu, katika Wakongo ni nani aliyetangulia kwenda Ulaya kucheza mpira?"

Ni Léon Mokuna. Alizaliwa Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, tarehe 1 Novemba 1928. Katika mji ule alikuwako Padre mmoja wa Shirika la Scheut, Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimwita Tata Raphaël. Ndiye aliyewapangia vijana Waafrika mashindano na kuwajengea viwanja. Kile kikubwa cha mwaka 1952 leo huitwa kwa jina lake. Mokuna alikuwa mshambuliaji wa Vita Club, na mashuti yake yalikuwa makali hata akapewa jina la Trouet, kutokana na neno la Kifaransa la kutoboa.

Mwaka 1954 akachukuliwa na Sporting ya Lisbon. Tuutazame mwaka huo, maana una kisa. Tangu 1952, Mkongo aliyetaka kukaribia haki za Mzungu mbele ya sheria ilimpasa kuomba cheti, na wakaguzi waliingia hata nyumbani mwake kuangalia maisha yake. Hapa kwetu Stanleyville, karani wa posta Patrice Lumumba alipitia mtihani huo. Mokuna alipimwa kwa mguu wake tu. Lakini mlango uliomfungukia ulikuwa wa Wareno. Kwa Wabelgiji, waliokuwa wakimtawala, alifika 1957 tu, alipoingia klabu ya mji wa Ghent.

Wala tusidhani kwamba Ulaya ilimpokea kila mtu kwa mikono miwili. Mwaka 1925, huko Uingereza, Jack Leslie, ambaye baba yake alitoka Jamaika, alikuwa akiichezea Plymouth Argyle katika daraja la tatu. Mkuu wa timu alimwita akamwambia amechaguliwa kuichezea nchi yake. Siku chache baadaye jina halikuwamo tena. Leslie mwenyewe aliamini kwamba wakubwa walikuwa wamegundua rangi yake. Hakuitwa tena kamwe, ingawa aliifungia Plymouth mabao 137. Alikuwa fundi wa matangi ya mvuke, na uzeeni alisafisha viatu vya wachezaji wa West Ham. Wangapi kati yao walijua wanahudumiwa na nani? Alifariki 1988. Kofia ya heshima ya timu ya taifa ilitolewa 2023.

Mokuna alikaa Ghent miaka minne. Mwaka 1961, akiwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini, akahamia Waregem, mji mdogo ambao klabu yake ilikuwa haijapata bado kucheza daraja la kwanza. Mimi hapo ndipo ninapompenda zaidi. Wengi wakishaonja sifa za miji mikuu huona haya kushuka. Yeye alivaa viatu akaendelea na kazi. Waregem iliingia daraja la kwanza mwaka 1966.

Aliaga dunia Januari 2020, akiwa na umri wa miaka 91.