WAJA LEO, WAONDOKA LEO: JE, UMEONA NINI?

Kuna msemo ambao hauachi kutajwa kila linapotajwa jina la Tanga: "Waja leo, waondoka leo!" Wenyeji huutamka kwa tabasamu, kana kwamba wanamwambia mgeni, haya, jidanganye, mji huu ukishakuonja hautakuachia upesi. Msemo huo ni wa wageni. Makala haya yana swali la wenyeji. Wewe ambaye hukuja leo wala huondoki leo, wewe uliyekaa Tanga miaka kumi au ishirini, je, umeuona mji wako?

Tuchukue mfano wa mfanyakazi yeyote wa mjini. Kila alfajiri hupanda baiskeli yake akatoka Ngamiani kwenda bandarini, na jioni hurudi kwa njia ile ile. Ule mnara wa saa wa katikati ya mji ameupita mara zisizo na idadi. Jumapili moja ampakia mwanawe kwenye keria, na mtoto auliza: "Baba, saa hii aliijenga nani?" Baba ajibu: "Ipo tangu zamani." Mtoto hakuridhika: "Zamani gani?" Hapo baba akanyamaza, akazidi kukanyaga pedeli.

Hatuna budi kukiri kwamba wengi wetu tungalinyamaza vivyo hivyo. Si kwamba hatukusoma, wala si kwamba hatuna akili. Jicho lina tabia yake: kitu likikutana nacho kila siku, mwishowe halikioni tena. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Aghalabu tunadhani ugonjwa unaotajwa hapo ni njaa, kwa kuwa mgeni huchinjiwa kuku na mwenyeji akapata kipaja. Lakini uko pia upofu wa mazoea, na dawa yake ni hiyo hiyo. Mgeni huuliza, na mwenyeji akitafuta jibu hupata kuona. Basi usimngoje mgeni wa mbali. Jifanye mgeni wewe mwenyewe.

ANZIA BARAZANI PAKO

Safari ya kwanza haina nauli. Pita Ngamiani, mahali ambapo barabara zimepewa namba badala ya majina, hata mtu husema anakaa Barabara ya Nane au ya Kumi na Tano naye akaeleweka. Jina lenyewe la mtaa linataja ngamia. Ngamia gani hao katika mji wa minazi na miembe? Mwulize mzee aliyeketi barazani na kikombe chake cha kahawa. Kisha ukamwulize mwingine wa barabara ya pili, kwani masimulizi mawili yakigongana ndipo utakapojua pa kuchimba.

Majina mengine nayo yanasema. Raskazone limebeba neno "ras", yaani rasi, ardhi iliyochomoza baharini. Na kile kisiwa kilicho mbele ya bandari, chenye magofu ya misikiti na makaburi ya kale, huitwa Toten. Hilo ni neno la Kijerumani lenye maana ya wafu. Ni watoto wangapi wa Tanga wanaokitazama kila siku wakioga ufukoni, wasijue kwamba wanatazama makaburi?

Endelea hadi katikati ya mji. Mnara wa saa ulijengwa zamani za Wajerumani, na halikadhalika lile Boma la Kale, ambalo limekarabatiwa na kufanywa makumbusho. Ni Tanga ilikoanza kujengwa reli ya Usambara mwaka 1893, ambayo ilifika Moshi karibu miaka 20 baadaye. Hapa pia, mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1890, Wajerumani walifungua shule yao ya kwanza ya serikali katika nchi hii, na hapa ndipo lilipokuwa likichapishwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipolizima.

Liko na jambo jingine ambalo mfanyakazi hana haki ya kutolijua. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na makarani wenzake waliunda chama cha watumishi wa serikali Waafrika. Wanahistoria hukihesabu miongoni mwa watangulizi wa African Association iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, ambayo hatimaye ilizaa TANU mwaka 1954. Kwa hiyo anayepita mitaa hiyo na mfuko wake wa mboga anapita penye mizizi ya uhuru wake mwenyewe.

Vita navyo viliacha alama. Novemba 1914 majeshi ya Waingereza, askari wapatao 8,000 wengi wao kutoka Bara Hindi, yalishuka Tanga yakashindwa na jeshi la Wajerumani lililokuwa na watu kiasi cha 1,000 tu, wengi wao askari Waafrika. Inakumbukwa hata leo jinsi nyuki waliochokozwa na risasi walivyowavamia wapiganaji. Makaburi ya vita hivyo yamo mjini. Ingia, usome majina yaliyochongwa. Kisha ujiulize kuhusu yasiyochongwa: wapagazi waliobeba mizigo ya vita ile katika nchi nzima wakafa kwa maelfu, wao wameandikwa wapi?

NAULI IKIPATIKANA

Ukishalizoeza jicho lako nyumbani, safari ya mwisho wa juma itakufaa zaidi, wala si lazima iwe ya mbali. Kilometa 8 kaskazini mwa mji, kandokando ya njia ya Horohoro, yako Mapango ya Amboni, yaliyochongwa na maji katika mawe ya chokaa kwa karne zisizohesabika. Wasimulizi wanasema kwamba ukiingia humo waweza kutokea Mombasa au Kilimanjaro. Wapimaji walioyakagua mwaka 1994 waliona kwamba pango lililo refu kuliko yote halitimizi hata kilometa moja. Hapo pana funzo. Udadisi si kumeza kila tunachosimuliwa, wala si kumdharau msimulizi. Yasikilize masimulizi kwa heshima, kisha upime.

Ukielekea kusini kwa njia ya Pangani, utafika Tongoni, mwendo wa kiasi cha kilometa 20. Hapo pana gofu la msikiti wa karne ya 15 na makaburi yapatayo 40, baadhi yakiwa na nguzo zilizopambwa zamani kwa bakuli za kaure kutoka China. Nguzo nyingi zimeanguka. Ni katika pwani hii hii ya Mtangata ambapo merikebu ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama mchangani mwaka 1498. Mwaka uliofuata, Wareno wakirudi kwao huku mabaharia wamekwisha pungua kwa maradhi, waliichoma moto. Wao walikuja wakaondoka. Waliojenga msikiti ule walikuwa wenyeji wenye mji wao, dini yao na biashara iliyofika hadi ng'ambo ya bahari. Mtoto akiliona gofu hilo kwa macho yake, hataamini tena atakayemwambia kwamba historia yetu ilianza na jahazi la mgeni.

Mbele zaidi, kiasi cha kilometa 50 kutoka Tanga, uko Pangani, mji wa nyumba za kale kwenye mlango wa mto. Upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani uliwaka hapa mwaka 1888, na hapa hapa ndipo Abushiri bin Salim aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889. Vuka mto kwa kivuko hadi ng'ambo ya Bweni, upande ule liliko Kikokwe. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo ikapandwa Kikokwe.

Sasa geuka uitazame Tanga kutoka hapo. Miche ile 62 ilizaa mashamba, na mashamba yakadai watu. Wakaletwa Waha, Wamakonde, Wangoni, Warundi na wengine wengi, wakapewa namba badala ya majina, ndipo wakaitwa manamba. Huenda babu yako ni mmoja wao. Umesafiri kilometa 50 kwenda kutazama mto, kumbe umekwenda kujua sababu ya wewe kuzaliwa Tanga! Hiyo ndiyo faida ya safari: humrudisha mtu nyumbani akiwa na maswali mapya.

ADABU YA MWULIZAJI

Udadisi usio na adabu ni upekuzi. Mtangulize mzee kwa shikamoo, na umwulize hali kabla ya kumwuliza habari. Ukifika penye msikiti au makaburi, uvae kwa heshima na uombe ruhusa. Usiokote hata kigae kimoja cha kaure kukifanya pambo la sebuleni, maana kigae kikiwa mahali pake ni ushahidi, na kikiwa kabatini kwako ni uchafu. Chukua daftari la shule la mtoto, aandike yeye mwenyewe: jina la mahali, aliyesimulia, na tarehe. Chakula kisiwasumbue. Vitumbua, chupa ya chai na machungwa ya Muheza yatatosha familia.

Pengine utasema, mimi ni mtu wa kazi, Jumapili nataka kulala. Ni haki yako. Lakini fikiri: mzee wa barazani naye ana siku zake, na akifariki hufariki na jibu lako. Nguzo ya Tongoni ikianguka, haisimami tena yenyewe. Na mtoto aliyeuliza mara tatu asijibiwe, mara ya nne haulizi. Huyo ndiye atakayekua akaona jengo la kale ni tofali bovu linalomzuilia kiwanja, akalibomoa bila kujua amebomoa nini.

Basi, ndugu msomaji, Jumapili ijayo mpakie tena mwanao kwenye keria. Rudini pale penye mnara wa saa, mshuke. Akikuuliza ni nani aliyeujenga, sasa utamjibu. Na akikuuliza majina ya mafundi waliopandisha mawe yake, usione haya kusema hujui, mradi neno linalofuata liwe hili: "Twende tukaulize."